Masaa ya Hippolyte

Butembo, Jumatano 20 Septemba

Jana tulimzika dada yangu mkubwa, Yaya Virginie, kule Kasindi. Au niseme walimzika, maana maiti ya kipindupindu haishikwi na ndugu. Watu wa usafi, wenye mavazi meupe hadi usoni, ndio waliomshusha. Sisi tulisimama nyuma ya kamba. Mvua ilianza kabla padre hajamaliza. Shemeji Syauswa, mume wake, alikataa mwavuli.

Yaya aliugua Jumapili asubuhi. Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa ameshakufa. Muuguzi Lusenge, aliyekuwa zamu, hakunificha kitu kuhusu serum, yale maji ya dripu.

"Maman, serum ilikwisha Jumamosi. Ripoti tulituma toka Ijumaa. Tukangoja, tukangoja. Gari ya serum imefika Jumatatu jioni."

Mimi, Rébecca Kavugho, ndiye ninayepokea ripoti hizo katika ofisi ya afya hapa Butembo. Miaka sita ninafanya kazi hiyo. Naandika katika daftari hili kwa sababu nikifungua mdomo nitapiga kelele, na hapa nyumbani kuna watu wanaolia tayari.

Ijumaa 22 Septemba

Nimerudi kazini. Ukutani bado kuna ule mchoro wetu wa visanduku na mishale, nikautazama kana kwamba ni uso wa mtu.

Njia ni moja. Kasindi, Beni, Butembo na Kayna wanatuma faili za wagonjwa. Kompyuta inangoja zote nne zifike ndipo iziunganishe. Halafu faili inasafishwa majina yaliyoandikwa mara mbili. Halafu msimamizi anasoma na kubonyeza kwamba amehakiki. Hapo ndipo tahadhari inapotoka kwenda ghala letu la Bungulu, kule Beni, na gari linapakia dawa. Kila kisanduku kina mshale unaokiambia: usisogee mpaka yule wa mbele yako amalize.

Msimamizi ni Hippolyte. Alitumwa kutoka Kananga miaka miwili iliyopita, ana viatu vinavyong'aa hata siku za matope. Jumatatu ile nilifika ofisini mbio, ndiyo kwanza Syauswa alikuwa amenipata kwa simu. Nilikuwa nimetoka kwenye arusi ya binamu huko milimani ambako mtandao haushiki. Nilibonyeza kila kilichokuwa mbele yangu, nikampigia Hippolyte. Simu imezimwa. Nilimpigia mara tisa. Alihakiki saa nane mchana.

Leo nimesoma ripoti aliyoandika kwa daktari mkuu. Mstari mmoja: kuchelewa kumetokana na huduma ya data. Huduma ya data ni mimi peke yangu.

Amemwua dada yangu, kisha ameandika lawama juu yangu.

Jumapili 24 Septemba

Nilienda misa. Sikupokea komunyo. Siwezi kufungua kinywa nipokee huku nikitaka ninachokitaka.

Baada ya misa Syauswa alinipigia. Yeye ni mtu wa forodha, kazi yake ni kujaza karatasi za malori mpakani. Amezoea kwamba kila kosa lina sahihi ya mtu. Akaniuliza: "Mutu aliyefunga ile njia, njo nani?"

"Nitamupata, shemeji," nikasema. Jina nilikuwa nalo mdomoni. Nilitaka kwanza nipate ushahidi.

Jumatano 27 Septemba

Mvua. Hippolyte alinunulia ofisi nzima mikate ya mafuta. Yangu niliiacha mezani mpaka inzi wakaipata.

Jumatatu 2 Oktoba

Daktari Julienne, mkuu wetu, ameniita. Ni mama wa Kisangani, anasema polepole, na akikasirika anasema polepole zaidi.

"Maman Rébecca, ile mchoro ya ukuta. Kila kitu inangoja kitu. Kwa nini Kasindi inangoja Kayna?"

"Njo vile tulivyoikuta, docteur."

"Basi itoe. Pitia mushale moya moya. Kama hatua moya inaweza kwenda bila ingine, ikwende. Kama haina sababu ya kungoja, hapana kungoja."

Niliitika kwa adabu. Ndani yangu nilikuwa nacheka. Amenipa kisu, na ameniambia nianze kukata popote ninapotaka.

Alhamisi 5 Oktoba

Nimekata mshale wa kwanza. Sasa kila mji unatembea na njia yake. Kasindi ikifika, inapita. Kuunganisha zote nne kumebaki kwa ajili ya ripoti ya wiki tu, ambayo haimwokoi mtu yeyote.

Ilinichukua siku mbili. Ilikuwa ni kugeuza mistari kumi na saba.

Jumapili 8 Oktoba

Syauswa amepiga tena. Swali lile lile. Sauti yake imekuwa nyembamba.

Jumanne 10 Oktoba

Barabara ya Kayna imekatika kwa maporomoko, mtandao wao umezimika siku tatu. Zamani sote tungekaa kama kuku waliolowa. Leo Beni na Kasindi zimepita bila kumwuliza mtu. Daktari Julienne alinipigia makofi mbele ya watu. Hippolyte naye alipiga. Nilitazama mikono yake.

Ijumaa 13 Oktoba

Kikao. Nilisema mshale wa pili wa kukata ni wa uhakiki. Tahadhari itoke kwanza, msimamizi ahakiki baadaye; akiona kosa, arekebishe. Nilisema hivyo nikimtazama usoni.

Alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kikaoni.

"Docteur, hapana. Procédure ni procédure. Kule kwetu nilitoaka alerte moya, nikaituma bila kusoma muzuri. Ilikuwa ya uongo. Batu balikimbia hospitali, balikanyagana ku mulango. Mama moya alikuwa na mimba. Mutoto hakupona. Toka siku ile, kitu haitoki kama macho yangu haiyaiona."

Daktari Julienne akaandika kitu.

"Na simu ikizimwa, chef?" nikauliza. "Macho inakuwa wapi?"

Alikaa chini. Sikumhurumia hata kidogo. Nilisikiliza habari ya yule mtoto wa Kananga kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Ijumaa 20 Oktoba

Umekatwa. Daktari Julienne alikubali, kwa sharti kwamba Hippolyte aone kila kitu ndani ya siku ile ile.

Sasa anakaa kwenye meza yake akitazama tahadhari ambazo zimekwisha kuondoka. Anazisoma zote, moja moja, kwa kidole. Ameona makosa mawili ya tarehe. Hakuna anayemngoja. Nilidhani hilo lingenitosha.

Jumamosi 21 Oktoba

Halijanitosha.

Jumatatu 30 Oktoba

Nimeanza orodha. Kompyuta inaweka saa ya kila kitu: faili imeingia kwa msimamizi saa ngapi, imetoka saa ngapi. Ninarudi nyuma, siku kwa siku, tangu Julai. Masaa manne hapa. Tisa pale. Alipokwenda Goma, masaa kumi na mbili. Ninaandika kwa kalamu nyekundu. Nikimaliza nitampa Daktari Julienne, na Hippolyte atarudishwa kwao akiwa na karatasi hiyo mgongoni.

Ijumaa 3 Novemba

Siku kumi na nne nimezipata. Ile ya 18 Septemba nimeiweka ya kwanza ingawa si ndefu kuliko zote: masaa sita na dakika hamsini.

Katikati ya kazi alikuja kuniuliza kama nimepata usingizi, macho yangu ni mekundu. Nikamwambia ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili 5 Novemba

Misa. Komunyo, hapana. Syauswa kwenye simu: "Bado?" Nikamwambia imebaki kidogo.

Jumatano 8 Novemba

Hakuna kitu leo. Matope.

Jumanne 14 Novemba

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Asubuhi Daktari Julienne alipita kwenye meza yangu. Alisimama mbele ya mchoro wa ukuta, ambao sasa umebaki na mishale michache, akaweka kidole kwenye kisanduku cha tatu.

"Na hii ya kusafisha majina? Yenyewe inangoja nani?"

"Inangoja mimi, docteur."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Kwetu majina yanatolewa kwa zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, na kila nyumba ina wa kwanza wake. Katika zahanati moja unaweza kuwa na Masika watatu, wote wa mtaa mmoja, na mashine itadhani ni mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara tatu. Mwaka jana niliandika kanuni: majina yakifanana, mtaa ukiwa mmoja, umri ukikaribiana, simamisha faili mpaka mimi nitazame kwa macho yangu. Niliipenda kanuni ile. Wageni hawangeweza kuifikiria.

"Lakini kama Masika ni babili ao ni moya," akasema, "serum itatoka tu, si vile?"

"Itatoka."

"Basi toa hiyo mushale. Hesabu majina nyuma."

Alikwenda. Nikafungua kompyuta yangu ndogo, maana hatua hiyo haifanyiki kwenye mashine kubwa. Inafanyika kwangu, na daftari lake la saa liko kwangu. Katika wiki zote mbili za kutafuta masaa ya Hippolyte sikuwahi kulifungua. Nilitaka tu kuona kanuni inasimamisha faili mara ngapi kwa mwezi, nimpe daktari hesabu.

Nikaona Kasindi, Septemba.

Faili iliingia Ijumaa tarehe 15, 17:10. Wagonjwa kumi na mmoja. Ilingoja Kayna mpaka Jumamosi 11:30. Iliunganishwa. Ikaja kusafishwa Jumamosi 11:42, na hapo kanuni yangu ikaona Masika wawili wa mtaa mmoja, mmoja miaka arobaini, mwingine arobaini na mmoja. Ikasimama. Ikanitumia ujumbe.

Jumamosi saa hiyo nilikuwa nacheza arusini.

Ilitolewa Jumatatu 07:15. Ni ile asubuhi niliyofika mbio nikabonyeza kila kilichokuwa mbele yangu. Sikutazama kimekaa tangu lini. Kilikaa masaa arobaini na tatu na dakika thelathini na tatu.

Halafu Hippolyte, 07:15 mpaka 14:05.

Nikafanya hesabu nyingine, ambayo hakuna aliyeniomba. Kutoka Bungulu mpaka Kasindi, barabara ikiwa nzuri, gari linatumia karibu saa tatu, na kupakia ni saa nzima. Yaya alikufa saa tatu asubuhi. Kama Hippolyte angebonyeza dakika ile ile nilipomtumia, gari lingemkuta ameshakufa. Katika masaa yake yote sita, Yaya alikuwa angali hai kwa lile la kwanza na robo tatu ya la pili tu, na hayo hayakutosha kitu.

Kama mimi ningetazama Jumamosi, hata ukiongeza saa mbili za Hippolyte kuhakiki, gari lingefika Kasindi siku ile ile. Yaya alikuwa hajaanza hata kuhara. Angefika zahanati Jumapili akakuta serum imejaa kabatini.

Nilifunga kompyuta. Nikaifungua tena. Namba zilikuwa pale pale.

Jumatano 15 Novemba

Sikwenda kazini. Niliwaambia ni malaria.

Alhamisi 16 Novemba

Nimetuma orodha kwa Daktari Julienne. Masaa ya Hippolyte, siku kumi na nne, 18 Septemba mwanzoni kwa herufi nene. Daftari langu sikulituma. Mshale wangu nimeukata, nimeandika kwamba kazi imekamilika.

Kila namba niliyotuma ni ya kweli. Nimekagua mara mbili.

Nilikula vizuri. Wali, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo. Niliomba nyongeza.

Jumapili 19 Novemba

Syauswa alipopiga nilimwambia: "Jina lake ni Hippolyte. Batamurudisha kwabo." Nikasikia analia kwa kwikwi kama mtu anayetapika. Akasema, "Wasingya, Kavugho. Wasingya." Alinishukuru kwa lugha ya kwetu, akaniita kwa jina la nyumbani, jinsi Yaya alivyokuwa akiniita.

Jumanne 21 Novemba

Imeamuliwa. Nafasi ya Hippolyte inafutwa, anarudi Kananga mwisho wa mwezi.

Ijumaa 24 Novemba

Alikuja kuaga. Alikuwa na sanduku la karatasi lenye vitabu na kikombe chake. Viatu vilikuwa na matope; nilitambua hilo kabla ya kutambua uso wake.

"Maman Rébecca, nimekuya kusema au revoir."

"Safari njema, chef."

Hakuondoka. Aliweka sanduku juu ya kiti.

"Ile registre ya majina, ya kompyuta yako. Kila Jumatatu iko inanitumia copie. Njo wewe mwenyewe uliipanga vile mwaka jana. Ulisahabu?"

Nilikuwa nimesahau.

"Niliisoma ile wiki ya kilio," akasema. "Masaa makumi ine na tatu."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi asogee ili nimsikie.

"Mbona hukuandika?" nikauliza.

"Baliniambia mufu ni dada yako mukubwa. Nikaandika 'huduma ya data', basi. Kama ningeandika masaa, daktari angesoma mbele ya batu bote, na wewe ungesikia pale. Nikasema hapana, hii maman tayari iko na kilio." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Sitakudanganya. Nilijificha mule pia. Muke wangu alikuwa anashuka mu ndege siku ile, nilizima simu kusudi tusisumbuliwe. Sentence moya ilitufunika sisi babili."

Yeye ndiye aliyeuliza:

"Wakati ulituma ile liste yangu, ulikuwa umesha ona masaa yako?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa amenipa nafasi, niliona ameniachia mlango wazi.

"Nilikuwa nimeona."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesoma faili na kuikuta haina kosa. Akachukua sanduku lake.

"Bon," akasema, na akatoka.

Nimemchukia leo kuliko siku zote za msimu huu. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia tangu Yaya afe, na amekuja na viatu vya matope akakichukua. Sijui kama alinihurumia au alijihurumia. Ningefurahi kama ningejua ni moja kati ya hizo.

Jumapili 26 Novemba

Sikwenda misa. Simu ya Syauswa sikuipokea.

Jumapili 3 Desemba

Simu yake sikuipokea tena.

Jumatatu 4 Desemba

Nimempelekea Daktari Julienne daftari lote la Septemba, pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Alisoma mimi nikiwa nimesimama. Alisoma polepole sana.

"Ulikuwa nayo wakati ulinipa ya Hippolyte?"

"Ndiyo, docteur."

"Kaa."

Sikukaa.

"Hippolyte harudi," akasema. "Nafasi imekufa, na hata bila liste yako ingekufa, njia haimuhitaji tena. Nitamuandikia barua nieleze ukweli, itamusaidia kupata kazi kwingine. Wewe, lawama itaingia mu dossier yako, na mwaka huu hakuna kupanda cheo. Alafu utarudi ku meza yako."

"Ni ile tu?"

"Ulitaka nini, maman? Nikupige?"

Ndiyo. Nilitaka hivyo hasa.

Jumatano 6 Desemba

Kasindi, wagonjwa tisa, faili imeingia 10:12. Tahadhari imetoka 10:13. Lusenge amepiga mchana kusema gari limefika. Kati ya hao tisa kulikuwa na Masika wawili. Nimewahesabu jioni, baada ya kila kitu kuondoka. Ni watu wawili kweli.

Jumamosi 9 Desemba

Nimekwenda Kasindi. Magari yalitoka Beni kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, tukafika saa sita. Syauswa alikuwa kibandani kwake karibu na mpaka, mihuri na kaboni mezani. Aliponiona alisimama akanipa kiti, akaagiza chai. Alidhani nimekuja kusherehekea.

Nilimwambia kabla chai haijafika. Nilitaja tarehe na saa zote, kwa sababu yeye ni mtu wa karatasi na angeuliza. Nilimwambia kuhusu kanuni yangu, na mahali nilipokuwa Jumamosi ile. Nilimwambia pia kwamba Jumapili ile aliponishukuru nilikuwa tayari najua.

Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume nje, likipiga honi. Alingoja limalize.

"Sema tena saa ya Jumamosi."

"Saa tano na dakika makumi ine na mbili, asubui."

"Na Virginie alianza kuumwa Jumapili."

"Jumapili asubui."

Aliandika namba zote mbili pembeni mwa karatasi ya mtu, akazitazama kwa muda mrefu. Chai ikaja. Hakuna aliyeigusa.

"Batoto hapana watajua," akasema mwishowe. "Si juu yako. Juu yabo. Banakupenda, na mama habako naye tena." Akafunika kalamu yake. "Mimi nitakuchukia. Sijui miaka ngapi. Ukikuya hapa, ukuye kwa batoto, usiniite shemeji."

"Sawa."

Nilisimama. Mvua ilikuwa imeanza upya na barabara ya kwenda kituoni ilikuwa imegeuka uji. Alitoka nje bila koti, akasimamisha pikipiki, akabishana na dereva kuhusu ubovu wa tairi lake la nyuma, akamfukuza, akasimamisha nyingine. Hiyo aliikagua matairi yote mawili kwa kidole gumba.

"Umupeleke polepole," akamwambia dereva. "Kule chini kunateleza."

Alishika begi langu mpaka nilipokaa vizuri, akanipa, akarudi ndani kwenye karatasi zake.